Malisho ya Akiba: Neno la Rika Letu kwa Vijana wa Shinyanga

Vijana wetu, siku hizi mnatujia na swali ambalo sisi hatukuwahi kuwauliza wazee wetu. Mnataka kujua kama kuna maana yoyote ya kupanda mti, kufuga, kujenga nyumba ya kudumu au hata kuleta watoto duniani, ilhali joto linazidi kupanda na mvua hazina tena majira ya kuaminika. Swali hilo ni zito, na mzee anayelipuuza hajalielewa. Mmesoma kutuzidi. Mnajua kwamba hewa ya ukaa, iliyokuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa kabla Ulaya haijaanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi viwandani, sasa imepita sehemu 420. Mnajua kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa, na kwamba barafu ya Kilimanjaro, tuliyofundishwa shuleni kuwa ni fahari ya nchi, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Sisi wazee hatuna cha kupinga katika hayo. Tunalo jambo moja tu la kuongeza, nalo tunalisema kwa sababu tulikuwapo: tumewahi kuishi katika nchi iliyohesabiwa kuwa imekufa, na tukaiona ikirudi kuwa hai kwa kazi ya watu tunaowajua kwa majina na kwa koo zao.

Ninaposema sisi, nawasemea waliozaliwa Usukumani katika miaka ya mwisho ya ukoloni, wakachunga ng'ombe wa baba zao wakiwa wadogo, wakaupokea Uhuru wakiwa bado watoto. Shinyanga ya wakati wetu ilikuja kuwa mkoa mpana uliozikusanya pamoja Kahama na Maswa, Meatu na Bariadi, ambazo hizi tatu za mwisho tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu. Waliotutangulia walitusimulia habari za misitu ya migunga, mikwaju, mininga na mipingo iliyofunika vilima na kushuka hadi kwenye kingo za mbuga zenye udongo mweusi. Sehemu kubwa ya misitu hiyo sisi hatukuikuta. Tangu miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ilikuwa imeamua kwamba njia ya kumshinda mbung'o, anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, ni kumwondolea kivuli anachojificha ndani yake. Shinyanga ndiko kulikowekwa makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, na watu kwa maelfu waliitwa kupitia kwa watemi wao kwenda kufyeka vichaka na kuvichoma moto. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Lakini mvua yetu, ambayo kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 600 na 800, ilianza tangu hapo kuipiga ardhi isiyo na kifuniko.

Baada ya kufyeka ikaja pamba. Wanaoisema vibaya pamba hawakuiona ilivyowainua watu. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na ambalo jina la Paul Bomani haliwezi kutengwa nalo, lilikuwa fahari ya mkulima Mwafrika, na wengi wa rika letu walilipiwa ada kwa pamba iliyochumwa na mama zao. Kwa pamba zilinunuliwa plau, baiskeli na mabati, na fedha iliyobaki iligeuzwa kuwa ng'ombe, kwa kuwa benki ilikuwa mbali na ng'ombe huzaa. Hivyo mashamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na miti iliyonusurika vita vya mbung'o ikakatwa kupisha mashamba na kuwa kuni. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1976, nchi nzima ilihamia katika vijiji vya pamoja. Vijiji vilituletea shule, zahanati na visima, na hilo halifutiki. Lakini kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja ikiwa na malisho yake iliyoyatunza kwa desturi za babu, zilikusanywa mahali pamoja, na malisho yale ya akiba yakabaki nyuma bila mwenyewe. Ng'ombe wa kijiji kizima sasa walikanyaga duara lile lile la ardhi kila siku, na baada ya miaka michache duara hilo likawa vumbi.

Ukame wa miaka ile mmeusoma vitabuni, sisi tuliula. Katika njaa ya mwaka 1974 taifa lilitangaza kilimo cha kufa na kupona, na katika meza zetu ukaingia ugali wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambayo unga wake watu waliuita unga wa yanga. Mama zetu walikuwa na michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa juani na kuwekwa ghalani kwa ajili ya siku kama hizo, na katika kaya nyingi akiba hiyo ndiyo iliyowavusha watoto. Ukame ulirudi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia hapo mwanamke wa vijiji vyetu alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa kichwani, na asiyeweza mwendo huo alipikia samadi iliyokaushwa au mabua ya pamba, vitu ambavyo vilipaswa kurudi shambani kulisha udongo. Ng'ombe walikonda hadi wakashindwa kuvuta plau wakati ule ule mvua inapoanza, na mkulima asiye na maksai wenye nguvu alilima eneo dogo, akavuna kidogo, akaingia mwaka mwingine akiwa dhaifu zaidi. Umaskini ule ulijizalisha wenyewe mwaka hadi mwaka. Watu wa mikoa mingine walizoea kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania, na vijana wa wakati ule, walio wazee wa leo, walilisikia jina hilo wakiwa safarini na kunyamaza, kwa kuwa hawakuwa na la kujibu.

Mwalimu Nyerere, katika miaka yake ya mwisho ya urais, aliona nchi ilipofikia na kutaka hatua zichukuliwe, na mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sote tuliuita HASHI, kwa fedha za serikali na msaada wa Norway. Wakati huo tayari kulikuwa na mfano wa Dodoma. Huko, katika eneo la Kondoa lililokuwa limechimbwa na makorongo, mradi wa hifadhi ya ardhi ulikuwa umeanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwa amri. Nyasi zilirudi Kondoa. Lakini Shinyanga ni nchi ya wafugaji, na kumwambia Msukuma aondoe ng'ombe wake wote ni kumwambia aondoke yeye mwenyewe. Miaka ya kwanza ya HASHI ilikuwa ya vitalu na miche, mingi yake ya miti ya kigeni, na miche mingi ilikauka ama kuliwa. Kilichoubadilisha mradi ule, na ambacho naona wasomi wengi wangenufaika kukitafakari, ni kwamba wataalamu walikubali kukaa chini na wazee na kuuliza: ninyi hapa, kabla yetu, mlikuwa mnafanyaje? Jibu lilikuwa ngitili.

Mnaijua ngitili kwa macho, lakini wengi wenu mmeikuta tayari ipo, na kitu kilichokuwapo kabla ya mtu kuzaliwa ni rahisi kukidhania kuwa kilijiotea. Ngitili ni kipande cha ardhi ambacho mwenyewe hukifunga mvua zinapoanza. Katika miezi yote ambayo nyasi ni mbichi na tamu, hakuna ng'ombe anayeingia. Nyasi hukua, hukomaa, hukaukia pale pale zikiwa zimesimama, na kiangazi kinapokolea, mnamo Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamekwisha, ndipo ngitili hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wa maziwa na kwa maksai watakaolima mvua zikirudi. Mizizi ya mikwaju na migunga iliyokuwa imelala ardhini kwa miaka mingi, ikiwa imetafunwa kila ilipochipua, ilipata nafasi ya kuinuka. Miti mingi mnayoiona leo katika ngitili hakuna aliyeipanda. Ilikuwapo chini ya miguu yetu muda wote tulipokuwa tukiambiwa kwamba nchi hii ni jangwa.

Nawaomba mfikirie ni moyo wa namna gani uliohitajika kufunga ngitili mwaka 1987 au 1988. Ng'ombe wako amekonda, mtoto wako hana maziwa, na nyasi unaziona pale, ng'ambo ya mpaka usio na ua wala waya, zikipeperuka kwa upepo. Hakuna kinachokuzuia isipokuwa neno mlilokubaliana. Unamgeuza ng'ombe na kumpeleka mbali zaidi kutafuta malisho, kwa sababu unaamini kwamba Septemba itafika nawe utakuwapo. Mwaka wa kwanza ngitili hailipi chochote kinachoonekana. Mwaka wa pili unaona vichaka tu. Ni baada ya miaka mitano, sita au zaidi ndipo kuni zinapopatikana, miti ya kujengea inaponyooka, nyuki wanaporudi, na ndipo jirani aliyekuwa akicheka anakuja kukuuliza ulifanyaje. Katika muda huo wote hakukuwa na hakikisho lolote. Hatukuwa na matumaini kwa maana mnayoipa neno hilo leo, ile furaha ya moyo inayomjia mtu akisikia habari njema. Habari njema hazikuwapo. Tulikuwa na nidhamu ya kujinyima leo kwa ajili ya kiangazi, na baadaye sana, tulipotazama nyuma, tukatambua kwamba hilo ndilo lililotubeba.

Wala hakuna aliyefanya hivyo peke yake. Sheria za ngitili zilitoka katika dagashida, mkutano wetu wa kimila ambamo jamii hukaa chini, ikajadili na kupitisha neno ambalo kila mtu atalitii, tajiri wa ng'ombe na asiye na hata mbuzi. Waliozilinda walikuwa sungusungu, wale wale waliojipanga vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo. Aliyeingiza ng'ombe katika ngitili ya mwenzake au ya kijiji alitozwa faini, na aliyekataa kulipa alitengwa, asichangiwe katika msiba wala kuazimwa kitu, hadi alipokuja kuomba radhi. Ukali huo ulikuwa mzito, na uliwezekana kwa sababu sheria ilikuwa ya watu wenyewe. Afisa wa misitu mmoja mwenye baiskeli asingeweza kulinda hata kijiji kimoja. Mradi ulileta elimu, miche kwa wanaoitaka, na wataalamu walioheshimu walichokikuta. Serikali za vijiji zilitambua mipaka na kuweka sheria ndogo. Dagashida ilitoa kauli. Nguzo hizo zilipokaa pamoja, kazi ilikwenda.

Matokeo yake yamehesabiwa, nami nayataja ili asiwepo wa kudhani kwamba wazee wanapamba hadithi. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana kuwa zimebaki katika mkoa mzima zilikuwa kama hekta 600 tu. Ulipomalizika mwaka 2004, ardhi iliyorudishiwa uoto kwa njia hii ilikuwa imepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, nyingine ikiwa mali ya familia, nyingine ya vijiji, shule na taasisi. Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN walipima faida zake, wakaona kwamba kuni, malisho, asali, dawa, matunda, nguzo na maji vinavyotokana na ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 hivi kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa kama dola 8 na nusu. Zilihesabiwa aina zaidi ya 140 za ndege. Mwendo wa mama kutafuta kuni ulipungua kwa saa kadhaa. Fisi nao walirudi, na familia kadhaa zilipoteza mbuzi kwa sababu yao. Uhai ukirudi huja na wake wote, na watu walipopima hasara na faida, walichagua kuendelea.

Sasa niseme lililo gumu, maana mzee anayewatuliza vijana kwa nusu ya ukweli anajivunjia heshima yake. Taabu yetu na yenu hazilingani. Iliyoikausha Shinyanga ilitoka kwa mikono iliyokuwa hapa hapa, na kwa hiyo mikono ya hapa hapa iliweza kuitengua. Joto linalowatisha ninyi limetengenezwa kwingine. Bara zima la Afrika hutoa asilimia 4 hivi tu ya hewa chafu ya ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka, na mkulima wa hapa kwetu Kishapu anayelima kwa maksai hana mchango unaoweza hata kupimwa. Hakuna dagashida inayoweza kumtoza faini mwenye mtambo wa makaa ya mawe aliye ng'ambo ya bahari. Mataifa yalikutana Paris mwaka 2015 na kukubaliana kwamba ongezeko la joto libaki chini sana ya nyuzi 2, na kwamba yatajitahidi lisipite 1.5. Na tayari mwaka 2024 peke yake ulivuka ile 1.5. Mkiona hasira juu ya hilo, hasira yenu ni ya haki, nasi hatuwaambii muizime. Tunawaambia msiiache ikawapumbaza mikono. Kudai haki kwa walioharibu anga na kutunza ardhi mliyonayo ni kazi mbili za mtu mmoja, na anayetunza ardhi yake husimama mbele ya wenye deni akiwa na uso mkavu zaidi.

Kuna tofauti nyingine pia, nayo iko upande wenu. Sisi tulifunga ngitili gizani. Hatukujua kama kuna mtu mwingine duniani anayefanya kama sisi. Ninyi mnaweza kujua. Mnaweza kusoma kwamba katika miaka ile ile ya 1980, wakulima wa Niger, nchi kavu kuliko yetu, walianza kuyaacha machipukizi ya visiki yakue katikati ya mtama wao, na kwamba ardhi iliyorudi kuwa na miti huko inahesabiwa kwa mamilioni ya hekta. Mnaweza kusoma habari za Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, aliyefariki mwaka 2023, ambaye kwa jembe na mashimo ya samadi aliotesha msitu mahali ambapo udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Jirani zetu wa Dodoma leo wanauita utaratibu wa kulea machipukizi hayo kisiki hai. Kenya ina kazi aliyoiacha Wangari Maathai, aliyeanza na wanawake na miche mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Mamlaka ya Hali ya Hewa inawatumia utabiri wa msimu kwenye simu mlizoshika, jambo ambalo baba zetu walilitafuta katika upepo, katika mwenendo wa ndege na katika maua ya miti. Bei ya paneli za umeme wa jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo mmoja kuanzia mwaka 2010, hata taa na pampu ambazo kwetu zilikuwa ndoto sasa zinafika katika kaya za kawaida. Rika lolote kabla yenu halikuanza kazi likiwa na zana kama hizi.

Lakini zana hazimrithishi mtu tabia. Nazitazama ngitili zetu leo, na naona zile zilizonenepa na zile zinazofifia. Watu ni wengi kuliko zamani. Baba anapofariki, ngitili ya familia hugawanywa kwa watoto, na kila kipande ni kidogo mno kufungwa peke yake. Mkaa una soko mjini, na mti uliokua miaka ishirini unaweza kugeuka gunia katika juma moja. Wako wanaokodisha malisho kwa fedha wakati wa mvua, ng'ombe wakala kilichopaswa kungoja kiangazi. Simlaumu mwenye njaa. Rika letu linaijua njaa kwa karibu kuliko anavyoijua mtu anayeihubiri. Ninachokumbusha ni kwamba hata sisi tulifunga ngitili tukiwa na njaa, na kwamba shibe iliyofuata ilitokana na hilo. Mabadiliko ya tabianchi hayajaifanya kazi hii kuwa ya zamani. Yameifanya kuwa ya lazima zaidi. Mvua zikichelewa, aliye na malisho yaliyosimama ana mwezi mmoja wa ziada wa kuvumilia, na mwezi mmoja ndio unaotofautisha ng'ombe aliyeishi na ngozi iliyoanikwa. Mvua zikija kwa ghadhabu, kama zilivyokuja mwaka 1997 na 1998, ardhi yenye nyasi na mizizi huyapokea maji na kuyatunza, na ardhi iliyo uchi huyapeleka yote korongoni pamoja na udongo wake.

Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba juhudi za kijiji kimoja ni kidogo mno mbele ya jambo la dunia nzima. Hoja hiyo tuliisikia hata sisi, ingawa kwa maneno mengine. Tuliambiwa kwamba ngitili ya ekari tatu haiwezi kuokoa mkoa. Ni kweli kabisa, haikuokoa mkoa. Iliokoa ndama wawili wa kaya moja, na mwaka uliofuata kaya ya jirani ikafunga yake, na baada ya miaka kumi na minane mkoa ulikuwa umebadilika bila kuwepo siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema, leo ndipo mambo yalipogeuka. Anayengoja aone kwanza kama kazi itafaulu ndipo aianze, hataianza, kwa kuwa kufaulu kwenyewe kunatokana na walioanza bila kuona. Katika hili umri wetu ni ushahidi, nasi tunautoa bila kusita. Wengi wa waliofunga ngitili za kwanza wamekwisha kuzikwa, na hawakuvuna nguzo wala asali yake. Wajukuu wao wanavuna, na wengine hawajui hata jina la aliyeyalinda machipukizi.

Rika letu sasa limepungua. Tuliobaki hatuna nguvu za kulinda mipaka usiku, lakini tunaikumbuka mipaka ilipo, tunazijua sheria na sababu za kila sheria, na tunakumbuka ni nani alikubaliana na nani. Hilo ni mali yenu, na tunataka mlichukue tukiwa bado tunazungumza. Njooni katika dagashida, ninyi wasichana pamoja na wavulana, na mje na kauli, maana zamani wanawake waliobeba kuni hawakusikilizwa vya kutosha katika vikao vilivyoamua juu ya kuni, na hilo halipaswi kuendelea. Njooni na utabiri wa kwenye simu zenu, nasi tutawaeleza korongo gani hufurika kwanza na kisima gani hakikukauka mwaka 1974. Mlio mijini, Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, msitume fedha za mabati peke yake. Ulizeni ngitili ya ukoo iko katika hali gani, na kama imegawanywa, wakutanisheni ndugu waifunge kwa pamoja. Mliosoma sheria na uchumi, nendeni huko mataifa yanakokutana mkadai kilicho chetu, na mwendapo mseme kwamba mnatoka mahali ambapo watu walikwisha kufanya sehemu yao kabla ya kuombwa.

Kwa hiyo mkituuliza kama tuna matumaini, jibu letu ni ndiyo, na tunalitoa tukijua hatari iliyopo. Tunawatumaini ninyi kwa sababu tumewaona mkifanya kazi, na kwa sababu nchi hii tumeipima katika hali yake mbaya kuliko zote na ikatuitikia. Mvua za kwanza zinakaribia. Kabla hazijanyesha, kila kaya iliyo na ardhi ichague kipande, kiwe kidogo kiasi gani, itangaze mpaka wake mbele ya mashahidi na kukifunga. Walio na vipande vidogo wakae na majirani zao waviunganishe. Kisha geuzeni ng'ombe, mkalinde neno lenu mpaka Agosti.